Kuchagua Chuo cha Kusomea Uhandisi Tanzania: Mwongozo Kamili kwa Waombaji na Wazazi

Kila mwaka, Baraza la Mitihani (NECTA) likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, simu yangu inaanza kuita kwa swali moja: "Kwa uhandisi, chuo gani ni kizuri?" Wanauliza watoto wa ndugu, majirani, na wazazi tuliokutana mara moja tu harusini. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, na kila msimu wa mafunzo kwa vitendo tunapokea saiti wanafunzi wa vyuo mbalimbali, ndiyo maana wengi huamini nina jina la chuo tayari mfukoni. Jina moja sina. Nina utaratibu wa kulipata, na msingi wake ni kwamba mwanafunzi wa uhandisi hasomi chuo kizima. Anasoma idara moja kwa miaka minne, na walimu walewale, kwenye karakana na maabara zilezile. Ndani ya chuo kimoja unaweza kukuta idara moja ipo hai na nyingine imechoka. Kwa hiyo ukichagua kwa kuangalia geti na jina lililoandikwa juu yake, umechagua kitu ambacho hutakitumia sana.

Mwongozo huu nimeuandika kwa kijana aliyemaliza PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) au diploma ya ufundi, na kwa mzazi atakayelipa nauli na ada.

Hatua ya kwanza: Amua fani kabla ya chuo

Fani ndiyo inayokupunguzia orodha. Ujenzi, umeme na mitambo vinafundishwa sehemu nyingi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), na kwa upande wa vyuo binafsi, St. Joseph. Fani nyingine zina makazi yake maalumu. Uhandisi wa kemikali na uchakataji, pamoja na wa nguo, uko UDSM. Ukitaka madini, petroli au nishati jadidifu, fungua pia ukurasa wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Uhandisi wa mazingira na jiomatiki (upimaji wa ardhi na ramani) ni eneo la Chuo Kikuu Ardhi, jirani kabisa na UDSM. Kilimo na umwagiliaji utavikuta Sokoine (SUA), Morogoro. Chuo cha Ufundi Arusha (ATC) kinafundisha ujenzi na umwagiliaji, na kina kituo cha nishati jadidifu kule Kikuletwa. Chuo cha Maji kipo Ubungo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), kilichoanzishwa 1975 na kipo Mabibo, kinafundisha uhandisi wa magari na matengenezo ya ndege. Kwa upande wa kompyuta, elektroniki na mawasiliano, wahusika wakubwa ni UDSM, UDOM, DIT na MUST.

Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha huulizwa sana na waliomaliza kidato cha sita kwa sababu jina lake ni kubwa kwenye sayansi. Kazi yake ni shahada za uzamili na uzamivu, kwa hiyo iweke akiba kwa baadaye.

Hapa nina msimamo, na nautetea popote: kwa shahada ya kwanza, kama huna sababu nzito, chagua fani pana. Ujenzi, umeme, mitambo na kemikali ni shina, na hizo nyembamba ni matawi yake. Gesi ya bahari kuu ilipoanza kugunduliwa kusini mwa nchi kuanzia 2010, mazungumzo ya nyumbani yote yakawa petroli na gesi. Mradi wa kusindika gesi hiyo Lindi ukabaki mezani mwaka hadi mwaka. Aliyesoma mitambo angeweza kuingia kwenye gesi kama ingekuja, na isipokuja, viwanda vya saruji, sukari na vinywaji vipo. Aliyesoma fani finyu alibaki kusubiri uamuzi wa watu wengine. Ukiipenda kweli petroli au madini, isome kwa moyo wote, lakini isiwe kwa sababu ya kichwa cha habari cha mwaka huu.

Njia rahisi ya kujipima: chukua fani mbili unazozifikiria, tafuta mtu mmoja anayefanya kazi kwenye kila fani, umuulize alifanya nini kazini jana. Usimuulize kuhusu faida za fani yake. Muulize jana tu. Mhandisi wa umeme wa TANESCO atakwambia kuhusu transfoma na ripoti ya hitilafu, na yule wa maji atakwambia kuhusu pampu na wananchi waliomzonga kwa simu. Siku hiyo ya kawaida ndiyo kazi yenyewe, na utajua mapema kama unaitaka.

Hatua ya pili: Yasome matokeo yako kama afisa udahili

Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hutoka kila mwaka na unapatikana bure kwenye tovuti yao. Yapo matoleo mawili, la waliotoka kidato cha sita na la wenye diploma. Pakua toleo la mwaka huu, maana kozi hufutwa, huongezwa na kubadilishwa masharti.

Hesabu yenyewe ni hii. A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kiwango cha chini cha TCU ni principal mbili (yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0, na pointi hizo zinatoka kwenye masomo ambayo kozi husika imeyataja. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tuseme una B ya Kemia, C ya Fizikia na D ya Hisabati. Nyumbani mnahesabu 4 na 3 na 2, mnapata 9, mnafurahi. Afisa udahili wa kozi inayodai Fizikia na Hisabati anaona 3 na 2, yaani 5. B yako ya Kemia kwake haihesabiki. Ukienda kwenye kozi inayohesabu Kemia, unakuwa mwombaji mwingine kabisa. Kwa hiyo kwa kila kozi, andika pembeni pointi zako kwa masomo ya kozi hiyo.

Kisha tofautisha kigezo na ushindani. Kutimiza kigezo kunakuruhusu kuomba tu. Jedwali la TCU lina safu ya idadi ya nafasi kwa kila kozi, na safu hiyo watu huiruka. Kozi yenye nafasi chache na jina kubwa hujazwa na wenye A na B. Ukiwa na pointi 5, usipeleke maombi yako yote kwenye kozi za namna hiyo.

Waliosoma PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) huniuliza kuhusu BAM, ile Hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita. Kwa kozi nyingi za uhandisi, BAM haichukui nafasi ya Hisabati ya Advanced. Zipo chache zinazoruhusu, hasa zilizo karibu na mazingira, chakula na kilimo, kwa hiyo pitia jedwali mstari kwa mstari kabla ya kukata tamaa au kulipa ada ya maombi.

Mwenye diploma anahitaji GPA ya 3.0 au zaidi kwa kawaida, na diploma yake iendane na shahada anayoomba. Wewe uliyepita ufundi usijione wa daraja la pili. Nimefanya kazi na wahandisi waliotoka kidato cha nne wakasoma diploma miaka mitatu, ndipo wakaingia shahada, na wengi wao wanaposhika kifaa unaona kabisa mkono unajua unachofanya. Mwaka wa kwanza Hisabati itakusumbua kuliko waliotoka PCM, kwa hiyo jiandae upande huo.

Hatua ya tatu: Hakikisha shahada itakufanya uwe mhandisi

Uhandisi hapa nchini ni taaluma ya kusajiliwa. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 inaipa Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) mamlaka ya kusema nani ni mhandisi na nani si mhandisi. Ukimaliza shahada inayotambuliwa unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya mhandisi mzoefu, kisha unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Bodi ina mpango wake wa mafunzo ya kazini, SEAP, ulioanza 2003, unaomlea mhitimu kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo kozi yako inahitaji kupita milango miwili. Wa kwanza ni wa udahili: iwe kwenye orodha ya TCU, au kama taasisi ni ya ufundi kama DIT, ATC, NIT na Chuo cha Maji, iwe imeidhinishwa pia na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Wa pili ni wa ERB. Usikisie huu wa pili kwa kuangalia neno "uhandisi" kwenye jina la kozi. Bodi inasajili makundi tofauti, wakiwemo wahandisi na mafundi sanifu, na zipo shahada za teknolojia ambazo kwa jina zinakaribiana sana na za uhandisi. Waandikie ERB au nenda ofisini kwao na swali moja: "Mhitimu wa kozi hii, ya chuo hiki, mnamsajili katika kundi gani?" Jibu la maandishi lina thamani kuliko ahadi ya mtu wa masoko kwenye banda la maonesho. Kama chuo ni kipya au kozi ndiyo kwanza inaanza, swali hili ni la lazima.

Wengine huniuliza kama shahada ya DIT ni ndogo kuliko ya chuo kikuu kwa kuwa inaandikwa kwa ngazi za tuzo za ufundi. Shahada ya ngazi ya 8 ni shahada ya kwanza. DIT ilianza 1957 kama taasisi ya ufundi na ikapata hadhi yake ya sasa kwa sheria ya 1997, na wahandisi waliopita pale wametapakaa nchi nzima. Tofauti ya kweli iko kwenye ufundishaji: taasisi za ufundi zilijengwa kuzunguka karakana, na vyuo vikuu vilijengwa kuzunguka nadharia na utafiti. Jiulize wewe unajifunza vizuri kwa njia ipi.

Kwa matengenezo ya ndege, ongeza mlango wa tatu. Leseni ya kugusa ndege inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa hiyo uliza shahada inakufikisha wapi kwenye njia ya leseni hiyo.

Hatua ya nne: Ichunguze idara

Ukiwa na muda wa kufanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Msimu mmoja wa PT (mafunzo kwa vitendo) tulikuwa na vijana wawili saiti, wote wa mwaka wa pili, wa vyuo viwili tofauti. Gari la zege lilipofika nikawaomba wapime slampu, yaani ulaini wa zege bichi kwa koni ya chuma. Wa kwanza akauliza sahani iko wapi, akaifuta koni kwa ndani na kitambaa kibichi, akakanyaga masikio yake isicheze, akajaza tabaka tatu na kushindilia kila tabaka mara 25 kwa nondo. Akanyanyua koni taratibu wima, akaigeuza pembeni, akapima. Wa pili alikuwa na daftari zuri sana, lenye mchoro wa koni ile ile, urefu wa milimita 300 umeandikwa, lakini hakuwa ameishika hata siku moja. Wote wawili walikuwa na akili, na wote wamefaulu. Idara zao ndizo zilizotofautiana, na ile ya wa kwanza haikuwa ya chuo chenye jina kubwa zaidi.

Kwa hiyo tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi ile ile unayoitaka. Wa mwaka wa kwanza bado hajui, na wa mwaka wa nne mara nyingi yuko kwenye mradi wake na hana muda. Kama humjui mtu, nenda kwenye Maonesho ya Vyuo Vikuu yanayofanyika Dar es Salaam, viwanja vya Mnazi Mmoja, kwa kawaida mwezi Julai, au kwenye mabanda ya vyuo Sabasaba. Pokea vipeperushi kwa adabu, kisha zungumza na wanafunzi waliosimama na miradi yao. Uliza haya:

"Ni mashine gani umewahi kuiendesha wewe mwenyewe?" Kwa mitambo, lathe (mashine ya kukerezea chuma), kulehemu, kufungua injini. Kwa umeme, kufunga mota, kupima transfoma, PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo). Kwa ujenzi, kuponda kyubu za zege za siku 7 na siku 28, kutumia vifaa vya upimaji kama levo na total stesheni. Akikujibu "tulionyeshwa", elewa kwamba hakugusa.

"Kundi la maabara lina watu wangapi?" Wanne au watano wanaweza wote kushika. Ishirini na tano wakizunguka kifaa kimoja, watatu wanafanya na waliobaki wananakili namba. Linganisha jibu hili na ile safu ya nafasi kwenye jedwali la TCU. Kozi iliyopandisha nafasi zake kwa kasi bila kuongeza karakana itakuletea tatizo hilo hilo.

"PT mnatafutiwa au mnajitafutia, na mwalimu anakuja kuwakagua?" UDSM, kwa mfano, ina utamaduni wa muda mrefu wa PT ya wiki nane mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ukihesabu, ni karibu miezi sita ya kazi halisi kabla hujahitimu. Vyuo vingine vina mpangilio tofauti. Idadi ya wiki ni muhimu, na usimamizi ni muhimu zaidi. Naona logibuku (daftari za kumbukumbu za kazi) zinazojazwa siku ya mwisho kwa kalamu moja, kwa sababu mwanafunzi anajua hakuna atakayekuja kuuliza.

"Walimu wa somo gumu kuliko yote ni akina nani, na wanapatikana?" Hapa utasikia mengi. Usichukue lawama za mtu aliyepata sapu (mtihani wa marudio) kama ushahidi. Ukisikia jina lile lile likisifiwa na watu watatu wasiofahamiana, andika. Ukiambiwa somo fulani halina mwalimu kwa sababu yuko masomoni nje na halina mbadala, andika pia.

"Wangapi walianza, wangapi mmebaki?" Uhandisi unachuja. Kuna wanaodisko (wanaoondolewa chuo kwa kufeli), wanaobeba masomo, wanaohama kozi. Darasa lililopungua kidogo ni jambo la kawaida. Darasa lililopungua nusu linahitaji maelezo.

"Mradi wa mwisho wa mwaka uliopita uliokuvutia ulikuwa upi?" Akiweza kukueleza mradi mmoja kwa furaha, kwamba walitengeneza mashine ya kukausha mihogo au kifaa cha kupima maji ya tangi, idara hiyo ina uhai. Akishindwa kukumbuka hata mmoja, idara hiyo imempa karatasi za kuandika tu.

Ukiweza kwenda chuoni, nenda siku ya kazi, vaa vizuri, na muombe fundi wa karakana akuonyeshe mahali. Mafundi wa karakana ni watu wakweli kuliko vipeperushi vyote. Angalia kama mashine zina mafuta na vumbi la chuma chini yake. Mashine inayong'aa sana huenda haitumiki. Ukifika na karatasi yenye maswali, mtu atakuheshimu na kukupa dakika zake.

Na orodha za ubora wa vyuo duniani? Zisome ukipenda. Webometrics, inayonukuliwa sana kwenye mitandao yetu, inapima uwepo wa chuo mtandaoni na kunukuliwa kwa machapisho yake. Haijui kama lathe ya idara yako inafanya kazi.

Hatua ya tano: Hesabu pesa ya miaka minne, pamoja na mkopo

Andika gharama zote kwa mwaka, halafu zidisha mara nne: ada, chakula, chumba, nauli ya kwenda nyumbani, kompyuta mpakato, vifaa vya kuchorea, buti na kofia ngumu, na gharama ya kuishi wakati wa PT ambapo huenda usilipwe chochote. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika. PT ikikupeleka Geita na huna ndugu Geita, utahitaji pa kulala.

Mji unabadilisha hesabu. Dar es Salaam chakula na chumba nje ya hosteli ni ghali kuliko Mbeya, Dodoma au Morogoro. Upande wa pili, viwanda, kampuni za ushauri na miradi mingi iko Dar, na mwanafunzi anayeweza kwenda kwa daladala kuomba nafasi kwenye ofisi tano kwa siku moja ana faida. Mbeya ina faida yake pia: baridi, utulivu, na maisha ambayo bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) linaweza kuyabeba. Mzazi wa binti, uliza hosteli kwanza. Kuna vyumba ndani ya chuo kwa mwaka wa kwanza? Baada ya hapo? Karakana zikimalizika jioni, anarudi kwa njia gani?

Bodi ya Mikopo (HESLB) hufungua maombi yake kwa mfumo wa mtandao, na maombi hayo hayaunganishwi na ya chuo, kwa hiyo ni kazi mbili. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo pia. Anza hilo mapema hata kabla ya matokeo, maana foleni ya uhakiki ndiyo inayowakwamisha wengi. Uhandisi umekuwa kwenye kundi la kozi za kipaumbele, lakini kipaumbele hakimaanishi utapata asilimia mia. Panga bajeti kwa hali ya kupata nusu. Ujue pia mkopo unarudishwa: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi.

Waliofanya vizuri sana kwenye masomo ya sayansi waangalie Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Majina huchaguliwa kwa ufaulu wa juu kitaifa, kwa hiyo kama una alama za juu, fuatilia tangazo lake.

Kwa chuo binafsi, omba muundo wa ada kwa maandishi kwa miaka yote minne. Uliza kama ada ya mwaka wa tatu inapanda, na ada ya mitihani, karakana na mahafali iko ndani au nje.

Ukiwaza nje ya nchi

Kenya shahada ya uhandisi ni miaka mitano, kwetu ni minne, kwa hiyo ongeza mwaka mmoja wa gharama, na hakikisha kozi inatambuliwa na bodi yao ya wahandisi, EBK. Bodi za Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuana mwaka 2012, lakini makubaliano hayo yanamhusu mhandisi aliyekwishasajiliwa kwao. Kozi isiyotambuliwa kwao haitasafishwa na kuvuka mpaka wa Namanga. Kwa China, India, Uturuki na kwingineko, wasiliana na TCU kabla ya kuondoka, kisha ERB. Mawakala wengi wanaotangaza nafasi za nje wanalipwa na vyuo kwa kila kichwa. Muulize wakala, bila kuona haya, analipwa na nani.

Hatua ya sita: Omba kwa mpangilio

Tangu 2017 waombaji wanaomba moja kwa moja kwenye vyuo, hakuna tena mfumo mmoja wa pamoja wa kuomba. Kila chuo kina tovuti yake, ada yake ya maombi na nafasi zake za kuchagua kozi. Ndani ya chuo kimoja, panga kozi kwa unavyozitaka, lakini hakikisha moja wapo iko chini ya pointi zako kwa raha. Vyuo vitatu vinatosha watu wengi: kimoja cha ndoto, kimoja kinacholingana na matokeo yako, kimoja cha uhakika. Hicho cha uhakika kiwe na idara ambayo kweli ungekubali kuisoma, usiweke kozi ya kujazia.

Tatizo la kweli la kila mwaka ni Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Vijana wa mujibu wa sheria wako Ruvu, Mafinga au Oljoro wakati dirisha liko wazi, na simu hawana uhuru nazo. Anayeomba ni kaka, shangazi au mtu wa stationery. Kabla hujaingia kambini, acha nyumbani karatasi moja yenye namba yako ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha ya pasipoti, barua pepe na nywila yake, na orodha ya kozi zako kwa mpangilio, pamoja na mpango wa pili kama alama zikishuka. Namba ya simu itakayojazwa iwe ya mtu anayepatikana saa zote. Msimwachie mtu wa stationery achague kozi, hata akisema anajua kozi zinazolipa.

Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha, na unathibitisha chuo kimoja tu ndani ya muda uliowekwa. Ukikaa kimya unaweza kupoteza nafasi. Ukikosa awamu ya kwanza, awamu ya pili ipo, lakini kozi za ujenzi na umeme kwenye vyuo vikubwa huwa zimejaa, kwa hiyo rudi kwenye orodha yako ya fani uone tawi la jirani.

Na usithibitishe kozi usiyoitaka ukitegemea kuhama. Kuhama kupo, kwa masharti na kwa muda mfupi, na hutegemea nafasi na vigezo vya kozi unayoiendea. Wanaofanikiwa ni wachache kuliko wanaojaribu.

Vikibaki viwili

Mara nyingi mtu anabaki na mvutano kama huu: mitambo UDSM au mitambo DIT? Ujenzi MUST au mazingira Ardhi?

Kwa swali la kwanza, fani ni moja, kwa hiyo amua kwa idara na kwa wewe mwenyewe. Uhandisi UDSM ulianza 1973 na una mtandao mpana wa waliopita pale, PT ndefu, na njia ya wazi ya kwenda uzamili. Anayependa hesabu, uchambuzi, na anayefikiria kufundisha au kufanya utafiti, ningemwambia aende huko. Anayetaka kuingia kiwandani mapema, aliyekua akifungua redio za watu, ningempeleka DIT. Kwa swali la pili, jibu limo kwenye hatua ya kwanza: ni fani mbili tofauti, kwa hiyo usilinganishe miji wala majengo mpaka uwe umeamua kazi ipi unataka kuifanya siku ya kawaida. Kama umeamua na bado ni sawasawa, chukua kile ambacho familia yako inaweza kukilipia mpaka mwaka wa nne bila kuuza shamba. Mwanafunzi anayesoma kwa utulivu kwenye idara nzuri ya wastani anamshinda aliyesimamishwa mitihani kwa sababu ya ada kwenye idara bora.

Ukishathibitisha, una wiki kadhaa mpaka masomo yaanze. Zitumie kwenye kalkulasi, vekta na trigonometria, kwa sababu masomo hayo ndiyo yanayoangusha watu semesta ya kwanza kwenye vyuo vyote nilivyovitaja. Jifunze AutoCAD, programu ya kuchorea, kidogo kama una kompyuta. Kama huna, nunua rula ya T na penseli za 2H na HB, uchore kitu chochote cha nyumbani kwa pande tatu: juu, mbele na ubavuni, kwa vipimo. Somo la uchoraji wa kiufundi linaanza mapema, na walimu wake hawasubiri.